Mwanaume wa kwenye sinema haombi msamaha

Mimi ni katibu wa baraza la usuluhishi la ndoa katani kwetu, na kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi. Kama kuna maneno ninayoweza kuyatabiri kabla mtu hajafungua kinywa, ni haya: "Mimi ni mwanaume, siwezi kumwomba msamaha mke wangu." Wapo wanaoyasema kwa ukali na wapo wanaoyasema huku wanatazama sakafu. Wengine hawayasemi kabisa, ila ukigusia tu habari ya kuomba radhi, mtu anaanza kutafuta kitu kwenye simu yake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanandoa wapitie baraza kabla mmoja wao hajaenda mahakamani kudai talaka. Kwa hiyo wanaofika kwetu si watu waliogombana jana. Wamekwisha pita kwa wazazi, kwa wasimamizi wa ndoa, kwa mchungaji au shehe, na kote huko wameshindikana. Sheria hiyohiyo inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake kwa kisingizio cha kumwadhibu. Kipengele hicho nimekisoma kwa sauti mara nyingi kuliko kingine chochote, maana bado wapo wanaokishangaa.

Kinachonishughulisha ni kwamba wengi wa wanaume hawa si watu wabaya. Wanajua wamekosa. Mwenyekiti wetu akimchukua mtu pembeni, chini ya mwembe, wakaongea wawili tu, mtu anakiri kila kitu. Yuko tayari kulipa deni, kuezeka nyumba, kurudi mapema, hata kuacha pombe. Kinachomshinda ni kutamka mbele ya yule aliyemkosea. Na kila ninapomwona mtu mzima anabanwa na neno moja hivyo, namkumbuka baba yangu, maana kwake ndiko nilikoyasikia mafundisho haya kwanza. Yeye aliyaokota kwenye sinema.

Baba ni mzaliwa wa Ngare Nanyuki, mashariki ya Mlima Meru. Alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni Novemba 1951, serikali ya Kiingereza ilipowahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasemea Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Babu yangu alikuwa miongoni mwa waliohamishwa, na mpaka anaingia kaburini hakuna aliyekuja kumwambia samahani. Baba alikulia katika nyumba iliyokuwa inalidai neno hilo. Ungetegemea mtu wa namna hiyo ajue thamani yake.

Halafu watu wa sinema wakaja. Ilikuwa mwishoni mwa 1960 na miezi ya mwanzo ya 1961, Tanganyika haijapata Uhuru. Walipiga kambi Momella kutengeneza filamu ya Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kutoka mwaka 1962, John Wayne akiwa steringi. Baba alikuwa kivulana anayefuatana na babu, aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya huko. Habari za siku zile anazo mpaka leo. Anasimulia gari lenye kiti kilichofungwa nje, mbele, na mtu amekaa juu yake ameshika mti mrefu wenye kitanzi, gari linamfukuza kifaru kwenye nyasi kavu. Waigizaji wenyewe ndio waliokuwa wanafukuza, hawakuwekewa watu wa badala. Baba anasema vumbi lilipotulia, yule Mmarekani mrefu alishuka, akapandisha suruali yake, akawasha sigara. Watu wote walikuwa wanapiga kelele. Yeye hakusema kitu.

Ile hali ya kutosema kitu ndiyo iliyomteka baba. Alipokuwa dereva wa lori, akitoka Arusha kupitia Same, Mombo na Segera hadi Tanga au Dar es Salaam, akilala mjini lazima apite sinema. Tanga aliingia Majestic, Dar es Salaam akaingia Avalon na Empire. Wenzake walipenda za Kihindi, wakatoka wanaimba. Yeye alitaka kauboi. Alinunua kofia ya ukingo mpana, akaivaa mpaka ikapoteza rangi. Alijifunza kutembea akiyumbisha mabega, taratibu, kama anayekuja kulipiza kisasi kwenye mtaa wenye vumbi. Na alikuwa na msemo aliotuambia sisi watoto tangu tukiwa wadogo: "Ukiomba radhi, umeshapigwa."

Nilipokuwa mtu mzima nikajua msemo huo ulikotoka. Mwaka 1949 John Ford alitengeneza filamu ambayo ndani yake Wayne ni kapteni mzee wa askari wapanda farasi, aliyebakiza siku chache kustaafu. Kapteni huyo anawaonya vijana wake wasiombe radhi kamwe, kwa kuwa ni dalili ya udhaifu. Niliitafuta nikaiangalia yote. Nilichokiona kikanikalisha. Mzee huyohuyo anatoka jioni kwenda kwenye kaburi la mkewe, ananyweshea maua, anazungumza naye kumweleza siku ilivyokwenda. Vijana wake wanapomkabidhi saa ya fedha ya kumuaga, inabidi avae miwani ili asome maandishi yaliyochongwa nyuma yake, na pale uso wake unamsaliti. Nilimwuliza baba kama anaikumbuka sehemu ya kaburi. Hakuikumbuka. Sehemu ya saa vilevile hakuikumbuka. Katika filamu nzima alikuwa ametoka na amri moja tu.

Naamini hivyo ndivyo wanaume wengi walivyozitazama zile picha. Walikuwa vijana, walikuwa wanatafuta namna ya kusimama, wakachukua kile kilichoonekana kwa mbali: kofia, mwendo, kimya. Na Wayne mwenyewe alikuwa mtu aliyeajiriwa kufanya vile. Jina lake la kuzaliwa ni Marion Morrison. Wenzake wengi wa Hollywood walipokwenda Vita Kuu ya Pili, yeye alibaki akiigiza. Ford, aliyemwongoza, ndiye aliyejeruhiwa huko Midway mwaka 1942. Sisemi haya kumdharau marehemu. Alikuwa na watoto wa kulea, na sheria ilimruhusu. Nasema ili ijulikane kwamba ushujaa ule ulikuwa kazi yenye mshahara, yenye taa na watu wa kupaka poda, na jioni kazi ikiisha kila mtu alirudi kuwa alivyo.

Liko jambo jingine ambalo kwangu ni zito zaidi. Steringi anaweza kukataa kuomba msamaha kwa sababu mwandishi wa hadithi amekwisha msafishia njia. Akimshuku mtu, mtu huyo ni mwizi kweli. Akipiga, aliyepigwa alistahili. Akiondoka bila kuaga, kulikuwa na sababu ya maana itakayojulikana baadaye, na mwanamke aliyelia atakuja kumwelewa kabla picha haijaisha. Hadithi nzima imejengwa ili yeye asiwe na deni. Mtazame katika Hatari!: yule mwanamke anayempenda anapokata tamaa na kuondoka, steringi hamfuati kumwambia moyo wake. Anamsaka na timu yake ya kukamata wanyama, ndama wa tembo wakitangulia kumnusa katika mitaa ya Arusha, mpaka anapatikana. Ukumbi mzima unacheka, na mimi nilicheka. Lakini mtu wa Arusha ya kweli hana ndama wa tembo wa kumtafutia maneno, na hana mwandishi wa kuhakikisha kwamba aliyemshuku ni mwizi kweli.

Baba alimshuku kaka yangu.

Kaka alikuwa mwanafunzi wa sekondari wakati huo. Yeye hakukulia kwenye kauboi, alikulia kwenye kibanda umiza: chumba cha mabati, mabenchi, video moja, televisheni moja, jasho na moshi. Huko steringi alikuwa Rambo na Commando, na sheria ya kwanza aliyoijua kila mtoto ni kwamba steringi hafi. Hata mifuko ya plastiki ilichapwa picha yake tukaiita mifuko ya Rambo, jina lililodumu mpaka mifuko yenyewe ilipopigwa marufuku Juni 2019. Kaka na baba walikuwa wanapishana kwa kila kitu isipokuwa hilo. Jioni baba akiwa hayuko safarini, walikaa uani wakibishana nani zaidi, Wayne au Stallone, na mama akawaambia waache kelele.

Siku moja pesa ya dizeli ilipotea. Ilikuwa bahasha ya kaki ambayo baba alikabidhiwa na tajiri wake kwa ajili ya safari ya Dar. Aliiweka, akaitafuta, hakuiona. Kaka alikuwa ameonekana na viatu vya kuazima na alikuwa ametoka kibandani. Hilo lilitosha. Baba hakuuliza mara mbili. Alimpiga kwa mkanda kuanzia sebuleni hadi kwenye ngazi ya jikoni, mbele yetu, mbele ya majirani waliosimama kwenye ua, na kila pigo alitaka akiri. Kaka alikataa. Alikuwa anarudia neno hilohilo, "Sijachukua, baba," mpaka sauti ikakauka.

Kesho yake utingo wake alikuwa anafagia kebini ya lori. Akainua godoro la kitanda cha nyuma ya kiti, bahasha hiyo hapo. Aliileta nyumbani anakimbia, anafurahi, anadhani anatutoa kwenye shida. Nilikuwa napepeta mchele mlangoni. Baba alizipokea zile noti, akazihesabu akiwa amesimama, akazirudisha kwenye bahasha, akaiweka mfuko wa shati. Akamwambia utingo, "Haya, kajaze maji kwenye rejeta." Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda hatua chache kutoka pale. Ameona yote. Baba akampita.

Aliporudi kutoka Dar alimletea kaka viatu vipya, vyeusi, vya ngozi, vya bei ambayo nyumbani kwetu haikuwahi kutajwa. Aliviweka mezani bila neno. Kaka alisema asante, akavisukuma na boksi lake chini ya kitanda. Hakuvivaa. Panya walitoboa boksi, wakatafuna ulimi wa kiatu kimoja, na mama alipotaka kumpa mtoto wa shangazi, kaka alisema, "Viache hapo hapo." Alipomaliza shule alikwenda Mwanza akaanza maisha. Alikuwa akija nyumbani, anamwamkia baba "shikamoo" kama inavyotakiwa, anakula, analala usiku mmoja, anaondoka. Ukiwaona ungesema hawana neno.

Mama ndiye aliyekuwa msemaji wa baba miaka yote hiyo. "Baba yenu ndivyo alivyo." "Moyoni anawapenda." "Mmeona, kaleta maini?" Alikuwa anatafsiri kimya cha mtu mwingine, na ile ni kazi, tena kazi ya kuchosha. Nimekuja kuwaona wanawake wengi barazani walioifanya mpaka wakaishiwa. Mwanaume aliyekataa kuinama, wapo wengine wanaoinama kwa niaba yake kila siku: mke kwa watoto, mtoto wa kwanza kwa wadogo zake, hata jirani. Wayne hakuwa na mama yangu nyuma ya pazia, ndiyo sababu alionekana amesimama peke yake.

Lakini nitakuwa mwongo nikisema lawama yote ni ya Wamarekani. Mbegu ile ilikuta shamba limelimwa. Kwetu radhi inapanda juu. Mtoto anamwomba mzazi radhi, mdogo anamwomba mkubwa. Mzazi akimkosea mtoto, anakaa kimya mpaka mambo yapoe, na mtoto akisusa ataambiwa hana adabu. Nimekaa na wazee wa heshima kabisa, watu ambao hawajawahi kuona hata picha moja ya kauboi, wakanieleza kwamba mzazi akimwomba mtoto msamaha anajishushia laana. Ila wazee hao hao, ugomvi ukiwa wa watu wazima wawili, wanajua vizuri kabisa la kufanya. Wanaita kikao. Wanasikiliza huku na huku. Aliyekosa anaambiwa umekosa, anatozwa, anatamka mbele ya watu, wanakula pamoja, na kuanzia hapo ni marufuku kuifufua habari ile. Hakuna anayetoka pale akiwa amepungua. Bibi yangu mzaa mama, aliyekulia pwani, alikuwa akisema muungwana akivuliwa nguo huchutama, na alikuwa anaitazama kofia ya baba anapoyasema.

Kwa hiyo utaratibu tunao, na ni mzuri. Tumeufungia mlango wa nyumbani, pale ambapo makosa yenyewe hutokea.

Niseme kidogo juu ya viatu, maana jambo hili ndilo linalosumbua zaidi barazani. Wanaume wengi huamini tendo linatosha. Alikuja mtu mmoja, fundi mzuri, aliyekuwa amemtukana mkewe kwenye msiba wa nyumbani kwao, mbele ya wakwe na waombolezaji. Baada ya hapo alimjengea jiko la matofali, akavuta maji hadi ndani, akaweka sinki. Mbele yetu akawa anahesabu: matofali, saruji, bomba, ufundi ambao kama angelipwa ingekuwa kiasi gani. "Nifanye nini zaidi?" akauliza. Mkewe alijibu bila hasira, "Jiko nalishukuru. Lakini mpaka leo sijui umelijenga kwa sababu gani. Labda ulipata tenda ukabakiza saruji."

Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo. Tendo bila neno linamwachia aliyekosewa kazi ya kubahatisha. Yeye ndiye aliyeumia, na yeye ndiye anayepaswa tena kukaa usiku akijiuliza: je, anajua alichonifanyia? Analiona kuwa kosa au anadhani nimesahau? Atalirudia? Sinki halijibu. Na mtu asiyejua kama mwenzake ameliona kosa hawezi kulilalia salama, hata akiletewa mji mzima.

Kosa jingine ninalolikuta ni la wale wanaosema, lakini wanasema kando. "Kama nilikukwaza, samahani." "Yaliyopita si ndwele." "Basi yaishe." Hayo ni maneno ya kufunga mlango. Mwenyekiti wetu, mzee mstaarabu, akisikia "kama" anainua mkono: "Baba, hapa hatuna kama. Ulimtukana au hukumtukana?"

Rambo ya kwanza, ile ya mwaka 1982, inaisha kwa namna ambayo ningependa kila kijana wa kibanda umiza angeikumbuka. Yule mtu aliyeuwasha mji mzima moto amezingirwa, na mbele ya kanali wake anaporomoka, analia kama mtoto, anasimulia rafiki yake aliyelipuliwa Saigon na sanduku la mpiga kiwi viatu lililotegwa bomu. Anashikwa begani, anasindikizwa nje. Filamu haiishii kwenye bunduki, inaishia hapo. Kaka aliniambia pale kibandani sehemu hiyo ndipo watu walipokuwa wanaanza kutoka kuwahi viti vya picha inayofuata. Kwa kanda zilizosimuliwa kwa Kiswahili, na akina Lufufu kwetu au DJ Afro kwa Wakenya, msimulizi ana uwezo wa kukugeuzia kilio kuwa kichekesho, na ukumbi ukashukuru.

Basi, miaka ikaenda. Baba akastaafu barabara, akafuga ng'ombe wachache, kofia ikaning'inia msumarini. Mwanzoni mwa Novemba 2023 nilikuwa nyumbani kwake tunaangalia taarifa ya habari. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akiwa na wajukuu wa Nduna Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Aliomba msamaha. Alitamka kwamba anaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyafanya pale. Siku hizo hizo Mfalme Charles alikuwa Kenya. Naye alizungumza vizuri, alisema ukatili wa wakoloni hauna kisingizio, akataja huzuni na majuto makubwa. Kuomba msamaha hakuomba.

Baba aliangalia zote mbili bila kusema kitu. Kisha akasema, "Wa Kwetu kakwepa." Alimwita wa Kwetu kwa kuwa Waingereza ndio waliochoma nyumba ya babu. Akakaa kidogo. "Yule Mjerumani hakuwepo hata kuzaliwa. Kasimama kaomba. Umeona amepungua nini?" Nilimwambia sijaona, baba.

Sidai taarifa ya habari ndiyo iliyomgeuza. Mama alikuwa amefariki, msemaji wake hayupo, na nyumba ilikuwa na kimya ambacho sasa hakuna wa kukitafsiri. Miezi michache baadaye binti mkubwa wa kaka akaletewa posa. Watu wa upande wa mume walitaka kuja rasmi, na kwa desturi babu ndiye wa kuwapokea. Kaka akapiga simu kwa baba mkubwa kumwomba yeye awapokee. Hakutoa sababu, na baba mkubwa hakuihitaji. Aliitisha kikao cha ukoo.

Tulikaa sebuleni pale pale. Baba mkubwa alifungua kwa sala, akasema kuna jambo limelala katika nyumba hii tangu watoto wakiwa wadogo, na mwenye kulijua aliseme. Wote tulitazama chini. Baba akasimama. Mtu wa umri wake hakutakiwa kusimama, baba mkubwa akamwashiria akae, akakataa. Alimgeukia kaka akamwita kwa jina lake la ubatizo, ambalo hatukuzoea kulisikia kinywani mwake.

"Nilikupiga kwa pesa ambayo hukuchukua," alisema. "Kesho yake nililijua hilo, na wewe uliona kwamba nalijua. Nikanyamaza. Viatu vile nilinunua kwa sababu hiyo. Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe."

Kaka hakulia, wala hakumkumbatia. Aliuliza, "Kwa nini hukusema siku ile, baba?" Baba akamjibu, "Nilidhani nikisema mtaniona si kitu." Kaka akakaa na jibu hilo muda mrefu, halafu akasema, "Nimesikia. Nimekusamehe. Lakini posa aipokee baba mkubwa, tumekwisha waambia watu." Ikawa hivyo. Baba alikaa kiti cha pembeni siku ya posa, akala, akatania na wakwe. Heshima yake haikwenda popote. Disemba ile kaka alikuja na familia yake yote, wakakaa mpaka shule zinakaribia kufunguliwa, na asubuhi nilimkuta uani anabishana na baba juu ya Wayne na Stallone, wote wawili wakipaza sauti.

Tangu hapo barazani nimebadilisha namna ya kuuliza. Simwambii tena mwanaume "mwombe mkeo msamaha", kwa sababu nimeona maneno hayo yanavyowafanya wakaze shingo. Namwomba kwanza ataje alichokifanya, kwa sentensi moja, bila kueleza kwa nini. Wengi hapo ndipo wanapohangaika, na wengi wakishakivuka, lililobaki linatoka lenyewe. Wapo wasiokivuka. Hao tunawaandikia hati kwamba usuluhishi umeshindikana, na mwenzao anakwenda nayo mahakamani.

Kwa baba kazi ilikuwa haijaisha. Wiki chache baada ya kikao alinieleza jambo ambalo sikulijua: yule utingo aliyeleta bahasha alimfukuza kazi mwezi uleule. Hakuwa na kosa. Baba hakuweza kuvumilia kukaa kebini na mtu aliyejua. Tulimtafuta kupitia madereva wa zamani, tukamkuta Mombo, anaziba pancha kando ya barabara kuu. Nikapata namba yake, nikampigia, nikampa baba simu, nikaweka sauti kubwa kwa kuwa masikio yake si mazima.

Baba alianza kujieleza. Yule mzee wa Mombo akamkatiza kwa upole, "Ah, mzee wangu, hayo mimi nilishasahau."

Baba akanyamaza, akanitazama, hajui aendelee au akate.

"Lakini we sema tu," sauti ikaongeza. "Nakusikiliza."

Baba akasema yote, tangu godoro hadi kumfukuza. Upande wa pili palisikika pampu ya upepo na lori linapita. Alipomaliza, yule bwana alimshukuru, akamwulizia hali ya watoto, akampa pole ya mama. Kisha akamkumbusha kuwa safari yao ya mwisho ya Tanga hakulipwa posho. Baba akasema ni kweli, akamwuliza siku hizi utingo analipwa shilingi ngapi kwa safari ya Tanga, na jioni ile tukamtumia kwa simu.